Picha ya Chumba cha Nyuma

Mwanamke asiyejulikana aliingia ofisini wakati wa chai, mwavuli ukimchuruzika maji, akauliza, "Hapa ndipo mnapojengea picha?"

Fundi, msichana aliyekuwa bado kwenye mkataba wa majaribio, alidhani mgeni anataka picha ya pasipoti. Akamweleza kwamba za kwao ni picha za programu: programu hufungwa pamoja na vyote inavyohitaji, ikatiwa ndani ya kontena, kisha mtambo ukaipeleka wenyewe kwa wateja.

"Najua, mwanangu. Mume wangu ndiye aliyekuwa akizijenga."

"Karibu kiti, mama," fundi akasema.

Mume huyo alifia chumba cha nyuma, mbele ya mashine ya kujengea, baada ya kukesha mfululizo. Kampuni ikaandika kwamba alikuwa ameshaacha kazi. Tangu hapo kila picha iliyojengwa pale ilitoka nzito kidogo, na mteja akiifungua alisikia kikohozi, kisha sauti: "Mama watoto, nakaribia kumaliza." Wateja walishazoea. Picha aliyokufa akiijenga ilikuwa bado kwenye foleni. Kila siku picha nyingine zilipitishwa mbele yake.

"Nimesikia mnahamia winguni," mjane alisema.

"Mashine za kukodi, mama," meneja akajibu, akipita na kikombe chake. "Za huko hazikohoi. Hii tunaizima leo mchana."

Mjane akamgeukia fundi. "Msimzime katikati ya kazi. Hajawahi kuacha kazi njiani."

"Hatutamzima," fundi akaahidi.

Akaenda nyuma, akaitanguliza kwenye foleni ile picha ya zamani. Mashine ikaanza kunguruma. Mchana ukafika.

"Chomoa waya," meneja alisema.

"Bado anafanya kazi, bosi."

"Basi na wewe kesho usije."

"Sawa," fundi akasema, asiondoe mkono wake ulioikinga swichi.

Jioni picha ikakamilika, na mlango wa chumba cha nyuma ukafunguka. Mume akatoka, shati limekunjamana, begi mkononi.

"Nimechelewa?"

"Kidogo," mkewe akasema, akampokea begi. Wakatoka pamoja chini ya mwavuli.

Kwenye rekodi za kampuni aliendelea kuwa mtu aliyeacha kazi. Fundi alipokuwa akifungasha kikombe chake, alimsikia meneja kwenye simu akitafuta mtu mwingine, asiyeogopa kukesha.

Akarudi chumba cha nyuma. Feni ya mashine ilikuwa bado inazunguka, polepole. Akaisubiri hadi iliposimama yenyewe, ndipo akachomoa waya.