Jumamosi Saa Kumi, Nicodemus Anaitika

Kila Jumamosi, saa tisa na dakika arobaini na tano, Mzee Seif huwasha redio yake ili ipate moto kabla ya saa kumi. Ni redio ya kuongelea, inapokea na kurusha sauti, ina vali za kioo na ni nzito kama debe la mahindi. Aliipata zamani akifanya kazi bandarini Kisumu, na tangu hapo ameilehemu mwenyewe mpaka hakuna waya ndani usiojua vidole vyake. Vali zikianza kuwaka, sebule yake pale Nyamasaria hunukia vumbi lililoungua. Saumu, mkewe, husema hayo ni manukato ya mke mwenza.

Saa kumi kamili Mzee Seif huita majina. Wapo tisa, wapenzi wa redio wenye leseni, kutoka mjini hadi Asembo Bay, na kila anayeitwa huitikia kwa kusema yuko wapi na anasikia vipi. Asiyeitika huachiwa sekunde kumi za kimya, kisha linaitwa jina linalofuata. Jina halifutwi mpaka familia irudishe leseni ya mwenyewe. Kwa hiyo jina la Nicodemus liliendelea kuitwa miaka mitatu baada ya boti aliyoipanda kuzama, kwa kuwa Nasambu, mkewe, hakurudisha kitu chochote cha mumewe.

Jumamosi moja ya mwezi wa Machi, katika sekunde ya nne, Nicodemus aliitika.

"Niko hapa, Mzee. Nakusikia poa kabisa. Niko mita kumi na nne chini, kuna matope kidogo, natumia ile betri ndogo. Ova."

Mzee Seif alitazama saa, akaandika muda kwenye daftari. "Karibu, Nicodemus. Sauti yako safi, ila ina maji." Akaita jina linalofuata.

Maji yalikuwepo kweli. Yalichuruzika kutoka kwenye kitambaa cha spika, ya kijani kidogo, yakiwa na harufu ya ziwa. Saumu alileta beseni. "Angengoja siku sijatandika kitambaa cha meza," alisema.

Jioni hiyo hiyo Shakir, mmoja wa wale tisa, alikuja na pikipiki. Ana duka la simu mjini, na redio yake ni mpya, nyembamba kama daftari la shule, inayochuja kelele zote kabla hazijafika sikioni.

"Mzee, ulikuwa unaongea na nani? Kwangu kulikuwa kimya kama msikiti saa nne asubuhi."

"Na Nicodemus."

"Yangu haijamleta."

"Yako inasafisha sana. Imesafisha mpaka watu."

Shakir hakukasirika. Wamechokozana hivi kwa miaka kumi na miwili. Shakir anaamini redio zinazokuja zitakuwa na ukubwa wa kiberiti, hazitahitaji antena, na zitamsikia kila mwenye pumzi duniani. Mzee Seif anaamini redio nzuri zote zilishatengenezwa. Wanapendana sana.

Jumamosi ya pili Nicodemus alieleza siku ile boti ilipozama. Ilikuwa Jumanne. Injini ilizima, mawimbi yakaingia, nao walikuwa watu sita. Aliita kituo cha uokoaji kwa dakika arobaini kwa redio yake ndogo, akibadilisha masafa kila baada ya dakika tano, kama alivyofundishwa na Mzee Seif.

"Nilikosea wapi, Mzee?"

Mzee Seif aliweka kalamu chini. Jumanne redio yake huwa imezimwa, na hilo hajajisamehe. Alijua pia, kama wote wa ufukweni walivyojua, kwamba kituo kile kilikuwa kimepewa redio mpya, nzuri sana, nayo ilikaa ndani ya katoni yake mwaka mzima ikimsubiri mgeni rasmi aje kukata utepe. Lakini ripoti ya ajali haikutaja katoni. Iliandika: hakuna wito uliopokelewa. Kutokana na mstari huo soko zima la Asembo lilihitimisha kwamba Nicodemus, mtu aliyebeba redio hata matangani, siku ya shida alilala. Familia za wale watano ziliacha kumsalimu Nasambu. Alichotaka Nasambu ni mstari huo urekebishwe kabla mtoto wao, Wakhisi, hajajua kusoma.

"Hukukosea mahali popote, mwanangu," alisema Mzee Seif, akalia bila kujificha.

Jumamosi ya tatu Nasambu alifika kutoka Asembo akiwa na Calvince, ofisa wa kituo, ambaye alikubali kuja baada ya kumkuta mama huyo mlangoni pa ofisi yake siku tano mfululizo. Calvince alivua viatu kwa sababu ya maji. Alisikiliza mpaka mwisho. Nicodemus alitaja tarehe, saa, masafa yote manane, na majina ya wenzake watano, taratibu, kama mtu anayejua kuna anayeandika.

"Pole sana, Bwana Nicodemus," alisema Calvince kwenye maiki. Kisha akamgeukia Nasambu. "Mama, mimi nimemsikia. Lakini fomu yetu inataka wito uingie ndani ya masaa ishirini na nne. Huu umekuja baada ya miaka mitatu. Nikiingiza, kompyuta itakataa."

"Andika kwa mkono."

"Kwa mkono hakuna nafasi, Mama."

Alimaliza chai, akashukuru, akavaa viatu na kuondoka. Saumu alimwaga beseni nje, kwenye sukuma wiki, akalirudisha. Shakir, aliyekuwa ameketi pembeni, alianza kuandika barua kwa simu yake kwa watengenezaji wa redio huko ng'ambo, akiomba toleo lijalo liwe na kitufe cha kuacha kelele kama zilivyo. Mzee Seif aliisoma juu ya bega lake. "Waambie kiwe kikubwa," alisema. "Vidole vyetu vimezeeka."

"Mama Wakhisi," aliita Nicodemus. "Afande amesemaje?"

Katika ndoa yao Nasambu hakuwahi kumdanganya. Alibonyeza kitufe cha maiki kwa vidole viwili.

"Anasema umechelewa kuita."

Tone moja lilianguka kwenye beseni.

"Mimi?"

"Ndiyo. Wewe."

Nicodemus alicheka, kile kicheko chake cha kukohoa ambacho Nasambu alikuwa amekitamani miaka mitatu, na maji yakamwagika mengi.

"Basi tuachane na hao," alisema. "Niambie ya nyumbani."

Nasambu alivuta kiti karibu, akamwambia yote, akianzia Jumanne ile, jioni, alipompakulia chakula akimsubiri.