Moto Uliozaa Maji

Mzee Anselme Guérard aliuza dawa na kufundisha kemia hapo Paris tangu nywele zake zikiwa nyeusi, na jambo moja hakukubali lijadiliwe: maji ni maji, hayana baba wala mama. Kwa hiyo binti yake Perrine alipoleta habari kwamba wataalamu wameipa ile hewa iwakayo jina jipya la Kigiriki, haidrojeni, yaani mzaa maji, mzee alicheka mpaka akashika meza.

"Moto huzaa jivu, mwanangu. Hao mabwana wamelewa."

"Basi tuiwashe, Baba, ujionee mwenyewe."

"Haya! Likitoka hata tone moja, darasa la leo utafundisha wewe. Lisipotoka, ukome kunichosha na vitabu vyako."

Mzee hakuwa akitania, maskini. Wanafunzi walishaanza kupiga soga uani.

Perrine akamimina asidi juu ya chembe za chuma. Zikatokota, na hewa ikajaza kibofu cha ng'ombe. Mzee hakumwamini mtu: kengele ya kioo, kile chombo cha kufunikia mwali, aliikausha mwenyewe kwa kitambaa cha moto, akaikagua kama mama anayekagua masikio ya mtoto. Ndipo binti akakibinya kibofu, akaiwasha hewa kwenye ncha ya bomba lake, na mwali akaufunika kwa ile kengele.

Mwali ulikuwa hafifu, nusura usionekane. Kioo kikaingia ukungu. Ukungu ukajikusanya, tone likateremka, likafuatwa na jingine.

Mzee akalikinga kwa kidole na kulitia ulimini, maana wauza dawa wa zamani hawakusadiki kitu mpaka wakionje. Halikuwa chungu wala chachu. Yalikuwa maji matupu. Akaufikiria mto Seine, na mvua, na maji aliyobatiziwa Perrine, hata machozi yaliyokuwa yakimlengalenga: yote watoto wa moto! Aliogopa, na ndani ya woga ule akafurahi kuliko alivyopata kufurahi maishani.

"Baba, umekasirika?"

"Nyamaza kwanza. Niache nitazame."

Wanafunzi walipoingia, walimkuta ameketi benchi la mbele, aproni yake imefungwa kiunoni mwa Perrine.

"Mwalimu, unaumwa?" mmoja akauliza.

"Keti, wewe," mzee akamjibu, bila kuyaondoa macho kwenye kioo. "Na mimi leo ndio naanza shule."