Kinanda cha Celine Aluoch

Kwa wiki tatu Warigia alikuwa amenaswa na dakika moja ya muziki. Dakika hiyo ilikuwa kwenye santuri ndogo aliyoipata kwa Mbithi, muuzaji wa santuri kuukuu, ndani ya bahasha isiyo na picha. Bendi iliitwa Taa za Rangi, na mwaka ulioandikwa ni 1973. Wimbo ulianza kama roki yoyote ya enzi hiyo, drams zikikimbia na gitaa likikwaruza kama bati linaloburutwa kwenye lami. Kisha gitaa likanyamaza, kinanda kikaingia. Kilipanda, kikayumba, kikazunguka kama moshi uliokosa pa kutokea, halafu kikagusa noti moja ya ajabu, noti ambayo mtu mwenye akili zake hangeigusa pale, na kikaing'ang'ania mpaka Warigia akasisimkwa mwili.

Hakuwa mgeni wa muziki huo. Yeye, mpiga gitaa, na Kimanzi, mpiga drams, walikuwa na bendi ya watu wawili, Bati Moto, na mazoezi yao waliyafanyia kwenye gereji ya mjomba wa Warigia huko Donholm, Nairobi. Alikuwa amesikiliza roki ya kila pembe ya dunia, ya zamani na ya juzi. Lakini hii ilikuwa ya hapa hapa Eastlands, na chini ya jina la wimbo palikuwa na maandishi madogo: kinanda, C. Aluoch.

Mbithi aliuliza huku na huku, akamletea jibu.

"C. ni Celine," alisema. "Ni mama. Bado anapiga kinanda, lakini kanisani, Mowlem."

Jumapili Warigia akaenda, akaketi kiti cha nyuma. Mpiga kinanda alikuwa mama wa miaka sabini na kitu, mwembamba, sweta ya kijani, miwani imening'inia kifuani. Alipiga nyimbo za ibada vizuri, bila mbwembwe. Warigia alianza kuingiwa na wasiwasi kwamba amemfuata mtu siye. Ibada ilipokwisha alimsogelea.

"Bwana asifiwe, Mama."

"Amina."

Warigia akamwonyesha ile santuri. Mama Celine alivaa miwani, akasoma lebo, akairudia.

"Hii umeitoa wapi?"

"Kwa muuzaji, Mama. Si wewe uliyepiga?"

"Nilipiga. Mchana mmoja tu. Lakini sikujua ilitoka."

Alimweleza palepale, watu wakiwapita na viti. Baba yake, msimamizi kwenye reli, alisikia kwamba binti yake anapiga muziki na wanaume wanne wenye nywele ndefu. Wiki iliyofuata alimpandisha treni kwenda Kisumu kusomea upigaji chapa. Aliporudi Nairobi miaka mitano baadaye, akiwa na mume na watoto wawili, bendi ilikuwa imesambaratika. Hakuna aliyemtafuta, naye hakumtafuta mtu.

"Nilidhani walifuta utepe," alisema. "Nilidhani hawakuipenda."

"Kwa hivyo hujawahi kuisikia?"

"Hata siku moja, nyathina." Hivyo ndivyo Waluo humwita mtoto wao, na Warigia akamwalika gereji Jumanne, aje aisikie.

Jumanne, saa nane mchana, Mama Celine alifika gereji akiwa amebeba mkoba wake kwa mikono miwili. Kimanzi alimfutia kiti kwa kitambaa. Warigia akaweka santuri kwenye mashine, akashusha sindano.

Mama Celine alisikiliza akiwa ameinamisha kichwa. Drams zilipoingia, mguu wake ulianza kugonga sakafu wenyewe. Kinanda kilipoanza, alifumba macho, na vidole vyake vikawa vinatembea juu ya mkoba. Ilipofika ile noti ya ajabu, alicheka kwa sauti hadi akashika kifua.

"Hapo nilikosea!"

"Ulikosea?" Warigia alisimama. "Mama, hapo nimepafanyia mazoezi wiki tatu!"

"Kidole kiliteleza. Nikasema nikitoka haraka watajua, wacha nikae hapohapo kama niliyekusudia."

Kimanzi alipiga paja kwa kicheko. Warigia hakucheka. Alimtazama yule mama kwa mshangao, akamwona msichana wa miaka ishirini aliyeteleza mbele ya wanaume wanne, akakataa kuogopa, na katika kukataa akatengeneza kitu ambacho mtu mwingine angekitafuta maisha yake yote.

Akamwomba waufanyie mazoezi wimbo ule, waupige kwenye tamasha lao la Jumamosi. Kinanda cha kukodi kilikuwa tayari, kimefunikwa shuka.

Mama Celine alitikisa kichwa. "Huo nilishaupiga. Nionyesheni wenu."

Wakamwonyesha. Gitaa la Warigia lilinguruma, Kimanzi akazitwanga drams mpaka mabati ya paa yakatetemeka. Mama Celine alisikiliza mara moja, akavua sweta, akafunua kinanda.

"Sasa," alisema, "mimi naingilia wapi?"

Jumamosi alasiri, ukumbi mmoja wa Donholm ulikuwa na watu kama sitini hivi, vijana wengi, na safu moja ya akina mama wa kwaya waliokuja kujionea. Walikuwa wamekubaliana kinanda kipige dakika moja katikati ya wimbo. Dakika ikapita, ikapita ya pili. Mama Celine alikuwa ameinamia vibonye, mabega yakiyumba, na sauti ilikuwa inapanda na kujikunja na kumwagika juu ya vichwa vya watu. Vijana walioketi walisimama. Mama mmoja wa kwaya akapiga kigelegele. Warigia alisahau kabisa kwamba zamu yake imefika. Alisimama gitaa likimning'inia, anasikiliza tu, mpaka Kimanzi akampigia mluzi.

Walipokuwa wanafungasha nyaya, Mama Celine alikuwa bado anahema, uso unang'aa jasho.

"Wiki ijayo mazoezi ni lini?" aliuliza. "Jumatano siwezi, nina kwaya."

"Siku yoyote utakayosema, Mama," Warigia alimjibu.

"Basi Jumanne. Na hilo gitaa lako liongeze sauti. Nilikuwa sikusikii."