Unga wa Wageni

Malori ya wafanyabiashara yalipoanza kufika Kitomanga tulishangilia. Biashara imeachiwa huru, tuliambiwa, kila mtu auze anachotaka kwa amtakaye. Korosho zilikuwa zimetuangusha na mvua ilikuwa imekataa kunyesha, kwa hiyo tulibaki na mihogo. Basi tukauza mihogo.

Mihogo yetu ni michungu, haichezewi. Kila binti hufundishwa na mama yake: loweka mpaka ilainike, kamua, anika mpaka ikauke kabisa. Hayo ndiyo makopa, na unga wake ni mweupe, hauna neno. Lakini makopa ndiyo waliyoyataka wenye malori. Tukawapakilia yote yaliyokauka, sisi wenyewe tukawa tunachimba mihogo asubuhi, tunaitwanga mibichi, tunaianika mchana huohuo na jioni tunasonga ugali. Unga ule wa haraka ulikuwa wa rangi ya majivu, na ukishaula kichwa kinazunguka. Tukasema ni njaa tu, maana tulikuwa na jawabu la kila kitu.

Wa kwanza kupatwa alikuwa Rehani, mtoto wa jirani yangu Mwahija. Jana yake alicheza mpira; asubuhi akashindwa kusimama, miguu imekakamaa. Wakafuata watoto wengine. Watu wakaanza kunong'ona habari za uchawi, na ndugu wa damu wakaacha kusalimiana. Mwahija hakunong'ona na mtu. Mzima aliyembakia alikuwa Kibibi, binti yake mdogo, na kila Kibibi akipita uani mama yake alimtazama miguu.

Ndipo wakaja watu wa taasisi moja ya utafiti ya chuo kikuu, wakiongozwa na Daktari Romani, mtu mpole asiyechoka kuuliza maswali. Walipima damu, wakapima mkojo, wakachota maji ya kisima. Mwisho Daktari akaomba kila nyumba yenye mgonjwa impatie unga kidogo, akaupime.

Mwahija alitazama unga wa majivu uliokuwa kwenye ungo, akaufunika kwa kanga. Mgeni, tena msomi, apewe takataka ile? Akaingia ndani akatoa unga mweupe aliokuwa ameuficha kwa ajili ya sikukuu ya Idi. Akamjazia Daktari mfuko wake, na uliobaki akawasongea ugali. Wageni wakala kwa kisamvu, wakashukuru sana. Nyumba nyingine zilifanya vivyo hivyo. Sisi tutalala na njaa, lakini mgeni asiijue. Naipenda tabia yetu hiyo, na tangu siku ile naichukia pia.

Miezi ikapita, Daktari akarudi na majibu. Tulikusanyika shuleni kumsikiliza.

"Unga wenu tumeupima," alisema. "Hauna sumu. Kuleni bila wasiwasi. Chanzo cha ugonjwa bado tunakitafuta."

Mwahija alishusha pumzi mpaka sisi tuliokaa karibu naye tukaisikia. Jioni ile alimwongezea Kibibi ugali.

Kabla ya Ramadhani, Kibibi alianguka akienda kisimani. Alirudishwa mgongoni.

Daktari alipopata habari alikuja mwenyewe. Akapiga hodi, akakaribishwa uani. Safari hii Mwahija alikuwa amempakata mtoto, hakuwa na nguvu za kufunika kitu. Ungo ulikuwa wazi juani.

"Huu ni nini, mama?"

"Unga."

"Unga wa nani?"

"Wa kwetu. Tunaokula sisi."

"Na ule ulionipa mimi?"

"Ule wa wageni, Daktari."

Alionja kidogo kwa ncha ya ulimi, akatema. Kisha akakaa chini mchangani na suruali yake safi.

"Mama, mbona hukuniambia?"

"Uliniomba unga, nikakupa mzuri. Ningekupa mbaya ungenionaje?" Mwahija alikuwa analia sasa. "Ukasema tule bila wasiwasi. Nikamwongezea."

Daktari alipoulizwa kama miguu ya watoto itarudi, alisema haitarudi, na nilimheshimu kwa kutodanganya.

Akapita nyumba kwa nyumba akiomba unga mbaya. Taasisi yake ikaupima, sumu ikaonekana, nao wakarudi kutufundisha upya kile ambacho mama zetu walikuwa wametufundisha. Tukaacha kuuza makopa kabla nyumba haijashiba. Tangu hapo hakuna mtoto mwingine aliyepooza Kitomanga. Watu wakiniuliza wasomi wale walitufaa nini, huwaambia hivyo. Waliwaokoa waliobaki, na Kibibi hakuwa miongoni mwao.

Makopa ya kwanza yalipokauka, Mwahija alisonga ugali mweupe akawatengea wanawe. Kibibi akajikokota mpaka mkekani. Akautazama ugali, kisha akageuka kutazama mlangoni.

"Mama, leo anakuja nani?"

"Hakuna anayekuja," alisema Mwahija. "Kula, mwanangu."