Majivu ya Harage la Tukuswiga

Usiku wa jana, kabla sijageukia ubavu wa pili, niliota niko jikoni napeta maharage, mara ungo ukapaa nami. Sikupiga kelele. Nilishika ukingo tu, nikajisemea, huko tuendako sijavaa viatu.

Ungo ukaniingiza kwenye kile kituo kinachozunguka juu angani, ambako shule ya mjukuu wangu Tukuswiga imepeleka jaribio lake. Jaribio lenyewe ni harage moja. Anataka kujua, mahali ambapo vitu havina uzito, mzizi utaelekea wapi? Pacha wa harage hilo yuko kwenye kopo dirishani kwangu, na mlinzi wake ni mimi. Sharti ni moja: wa juu na wa chini watendewe sawasawa. Leo ni siku ya kumi. Wa chini amechipua, wa juu bado. Asipochipua leo anatupwa, nafasi wanapewa shule nyingine.

Mlangoni kuna mkanda. Unaniamkia, "Shikamoo, bibi. Umefungwa wapi?"

"Marahaba. Sijawahi kufungwa, mwanangu. Sina kesi."

"Huku kila kitu hufungwa." Unanizunguka kiunoni, unakaza, unaniomba radhi.

Tone la maji, kubwa kama ndimu, linakuja likielea. Nalipisha lipite.

Harage nalikuta ndani ya chupa, limenuna.

"Mbona huchipui? Mjukuu wangu hali, halali."

"Siwezi, bibi. Nimekaliwa."

Naangalia. Kweli, sharti limelikalia, nene, limekunja miguu. Mule ndani kitu chenye uzito ni hilo peke yake.

"Sharti, shuka."

"Nishuke wapi? Huku hakuna chini. Halafu wewe bibi, siku ulipomfukia yule pacha, ulifanya nini?"

"Nilimpa maji kifuniko kimoja cha chupa, kama nilivyoambiwa."

"Na nini?"

"Jicho lake nikaligeuzia chini."

"Na nini tena?"

Tangu niolewe sijafukia harage bila kulitilia majivu kidogo, wadudu wasilitoboe. Ningeacha, mama mkwe angenirudisha kwetu. Siku ile Tukuswiga alikuwa ameenda kuteka maji. Sikumwambia.

"Majivu," nikasema.

"Huyu hakupewa. Basi nakaa."

"Umenionea, bibi," harage likasema, wala halina hasira.

Majivu yaliyobaki niliyafunga pindoni mwa kanga yangu ya shamba, na kanga ninayo kiunoni. Nikafungua fundo kwa meno, nikanyunyiza. Hayakuanguka. Yalisimama hewani kulizunguka harage, kama wageni ambao hawajaonyeshwa viti. Sharti likapiga chafya, likainuka. Harage likapasuka. Mzizi ukachungulia huku, ukachungulia kule.

"Bibi, niende wapi?"

"Sijui, mwanangu. Hicho ndicho anachouliza Tukuswiga."

Nikaamka. Jua limeshapanda, na Tukuswiga huyo anaingia mbio na simu.

"Bibi! Limechipua! Mwalimu Lusekelo katuma picha sasa hivi!"

Nikaitazama. Mzizi umejikunja kama ndoano, na pembeni yake kuna vidoa vya kijivu, vimetawanyika.

"Na hivi?"

"Mwalimu anasema ni vumbi la kamera."

"Kaa hapo. Lete daftari lako. Kwenye harage la chini, andika: majivu, ya kushika kwa vidole viwili."

"Bibi! Uliweka majivu?"

"Andika kwanza, utanisema baadaye."

Akaandika, midomo kaivuta mbele kama bata. "Haya, jaribio limeharibika. La juu halikupata."

Nikavuta pindo la kanga ile ya shamba. Fundo lipo, limekazwa vilevile nilivyolikaza siku ile. Nikalifungua kwa meno. Ndani hamna kitu, hata chembe.

"Andika na la juu," nikamwambia.