Kalamu Nyekundu ya Mwalimu Hiram

Mwalimu Hiram alikuwa hawezi kuona Kiingereza kibovu akanyamaza. Ungedhani amemwagiwa maji moto! Basi mwaka ule wa hamsini na nne, mdogo wake Ndung'u, mkamaji wa ng'ombe wa mzungu huko Subukia, akakamatwa kwa kushukiwa amekula kiapo cha waasi wa msituni. Akiwa kambini akaandika mwenyewe barua ya kuomba aachiliwe, akampa mkewe Wariara amletee Hiram, naye aifikishe kwa bwana ofisa.

Lo! Kiingereza gani kile! Vitenzi vya jana vimeketi na vya kesho, umoja na wingi vinagombana, nukta hata ya dawa hakuna. "Hii ni aibu tupu," Hiram akasema, mkono ukitafuta kalamu nyekundu.

"Shemeji, ipeleke tu hivyo hivyo," Wariara akamsihi. "Ni maneno yake."

"Wazungu waseme ndugu wa mwalimu hajui kuandika? Wacha!"

Akaiandika upya yote, sentensi zimenyooka kama viti vya kanisa, akatia jina la Ndung'u chini, akaipeleka mwenyewe.

Ofisa aliisoma polepole. Akaagiza Ndung'u aletwe, akamuuliza amesoma mpaka wapi.

"Darasa la pili, bwana."

"Mkamaji haandiki hivi. Wenzako waliandika ovyo, nikaona ni watu wa kweli, nikawaachilia. Wewe una wasomi wanaokuandikia. Ni nani?"

Ndung'u akamwona kaka yake amesimama mlangoni na kofia mkononi.

"Niliiandika mimi mwenyewe, bwana," akajibu.

Haki ya Mungu, Hiram alitaka kusema. Lakini aliyekiri kuwaandikia watu wa kiapo alijua atalala wapi, naye akarudi nyuma hatua moja, nje ya mlango. Elimu aliyoringia miaka yote ikamtokea puani. Ndung'u akapandishwa lori la kwenda kambi za mbali, kule ambako watu walikuwa hawarudi, na hakugeuka nyuma.

Hiram akarudi Bondeni, mtaani kwao, amekata tamaa kabisa. Mama yao, Wangare, alikuwa anamngoja mlangoni.

"Barua ilisomwa?"

"Ilisomwa, mama."

"Wakaona makosa?"

"Hawakuona hata moja."

Mama akapiga vigelegele mtaa mzima ukasikia, akaingia ndani kumtelekea Ndung'u sufuria ya irio.