Helmeti Chini Kibarazani

Niseme ukweli kabisa: pikipiki sijawahi kuipenda. Niliolewa na mtu na pikipiki yake siku moja, na kwa miaka thelathini na moja nimeishi na wote wawili. Yeye ni fundi wa majokofu, mimi ni fundi cherehani, nashona sare za shule. Cherehani yangu iko sebuleni karibu na dirisha. Pikipiki yake iko kwenye ujia, ukiingia tu mlangoni, kwa sababu nje eti italoa. Mteja akija kupima sketi inabidi apite kiubavu, amevuta tumbo ndani. Siwezi kuhesabu ni marinda mangapi yametoka humu na doa la grisi, mama wa mtoto akaja juu, na mimi ndiye niliyeomba radhi.

Lakini tangu augue, lile dude halijawashwa, na sikujua nyumba yangu inaweza kuwa kimya kiasi cha kunitia wazimu.

Ni saratani ya utumbo. Daktari wake, mwanamke mwenye maneno machache, alituambia dripu sita, moja kila baada ya wiki tatu. Mbili alizipata. Baada ya ile ya pili alitapika siku nne mfululizo, nywele zikapukutika, miguu ikaisha nguvu. Siku tuliyorudi naye kutoka hospitali, dereva wa teksi, baba mmoja mwenye kitambi na moyo mzuri, alimbeba mikononi kutoka kwenye gari mpaka kitandani, akamvua viatu na kumfunika shuka. Mume wangu hakusema hata asante. Alitupa kisogo, akatazama ukuta. Jua lilipokuwa linazama akaniambia, "Ya tatu siendi."

"Huendi wapi?"

"Hospitali. Imetosha."

Nilidhani ni uchovu unaosema. Siku zikapita, msimamo ukawa ule ule. Daktari alitueleza kwa simu, sote wawili tukisikiliza, kwamba dawa inafanya kazi, uvimbe umepungua karibu nusu, na akikatiza sasa utarudi kwa nguvu zaidi ya mwanzo. Ya tatu ilikuwa Alhamisi ya wiki iliyofuata. Nilimbembeleza, nikamgombeza, nikanuna siku mbili nzima. Watoto walipopiga simu kutoka huko mbali waliko, akawaambia anaendelea vizuri, na uso wake mkavu. Kichwa kigumu yule mtu, wala hakikulainika kwa kuota kipara.

Na marafiki je? Hapo ndipo aliponichosha kabisa. Alikuwa na marafiki watatu wa barabarani. Mwalimu, aliyestaafu kufundisha hesabu. Kinyozi, ambaye ni kinyozi kweli. Na Dobi, ambaye si dobi hata kidogo, ni mpima ardhi, ila anaosha pikipiki yake kila siku hata kama haikutoka nje. Mume wangu, wao walimwita Mkia. Jina gani hilo la mtu mzima? Lakini kwao lilikuwa jina la heshima, maana katika msafara yeye alikuwa wa mwisho siku zote, amebeba spana, plagi za akiba na mikebe ya oili. Aliyeharibikiwa, Mkia anasimama naye. Aliyeanguka, Mkia anamwinua.

Miaka saba iliyopita yeye na Mwalimu walikosana kwa sababu ya njia ya mkato. Mwalimu alisema anaijua. Mkia akasema kule kuna tope. Mwalimu akaongoza, tope likawepo, na pikipiki zikazama hadi kwenye matangi. Ilibidi zivutwe na trekta. Mbele ya dereva wa trekta na watu wote waliokuja kushangaa, Mkia akamwambia Mwalimu arudi darasani akapotoshe watoto, na Mwalimu akamjibu neno ambalo siwezi kuliandika hapa. Mume wangu alirudi nyumbani amevimba, akatangaza kwamba Mwalimu asikanyage kwetu. Wale wengine wawili wakajikuta katikati. Walikuja mara mbili tatu, wakakaa kama wageni, kisha wakaacha. Wanaume wenye wajukuu! Alipougua nikasema niwapigie, akanikataza. "Wakiuliza, nimesafiri."

Jumamosi kabla ya ile Alhamisi nilikuwa nafanya usafi kwa hasira, maana mimi nikikasirika nafua. Nilifua mapazia, nikafua foronya, nikafua hata kile kitambaa cha kufunikia cherehani. Mwishowe nikaifikia helmeti yake, iliyokuwa inaning'inia kwenye usukani wa pikipiki. Sifongo ya ndani ilinuka jasho la miaka. Nikaisugua kwa sabuni na brashi, nikaitoa kibarazani, nikaiweka chini sakafuni ipigwe na jua. Nikarudi kwenye marinda yangu.

Haikupita nusu saa, nikasikia pikipiki inapita barabarani, ikapunguza mwendo, ikageuza. Mara mlango ukagongwa kana kwamba nyumba inaungua.

Alikuwa Mwalimu. Amezeeka, ndevu zimekuwa nyeupe zote, anahema.

"Shemeji, kuna nini?"

"Kuna nini cha nini?"

"Helmeti iko chini!"

Nilimtolea macho. Ndipo akanieleza, harakaharaka, kwamba waendesha pikipiki wana ishara zao. Ukimkuta mwenzako amesimama pembeni mwa barabara na helmeti iko juu ya kiti, anapumzika tu, mpungie mkono ujipitie. Helmeti ikiwa chini, yuko matatani, na usiposimama, basi usijiite mwenzake tena.

"Nimeifua," nikasema. "Inakauka."

Alianza kucheka, akaacha, nadhani uso wangu ulishamwambia mengine. "Mkia yuko wapi?"

Nilishafundishwa la kusema. Nikafungua mdomo niseme amesafiri, badala yake nikaangua kilio, na tepu yangu ya kupimia shingoni, palepale mlangoni. Nikamwambia yote: utumbo, dripu mbili, Alhamisi.

Sauti ikatoka chumbani. "Nani huyo?"

"Ni mimi," Mwalimu akasema.

"Nani amekuita?"

"Helmeti yako iko chini."

"Sikuiweka mimi! Miaka thelathini na nne barabarani sijawahi kuweka helmeti chini! Ni huyo mwanamke na sabuni zake!"

Mwezi mzima sikuwa nimemsikia akipaza sauti hivyo. Alikuwa ananisema mimi, na bado nilifurahi.

Mwalimu akapita kiubavu kando ya pikipiki, akaingia chumbani. Nilimfuata nikasimama mlangoni, wala sikujificha, nyumba ni yangu. Mume wangu alikuwa amekaa ukingoni mwa kitanda, kichwa kitupu, mabega yamebaki mifupa. Mwalimu akamtazama kuanzia juu hadi chini.

"Umependeza," akasema. "Kinyozi atakufa njaa."

"Toka."

"Nitatoka."

Hakutoka. Mume wangu akamtazama kwa jicho la pembeni. "Huku kwetu ulikuwa unafuata nini? Wewe unakaa upande wa pili wa mji."

"Naenda sokoni."

"Soko liko kwenu."

Mwalimu akaangalia vidole vyake. "Basi napita tu. Kila Jumamosi napita. Naangalia kama mlango uko wazi, halafu naenda zangu."

"Miaka saba?"

"Toa miezi mitano. Nilivunjika mguu."

"Umevunjika mguu?" Mume wangu alijaribu kusimama, ikashindikana. "Lini? Wapi? Nani alikuinua?"

"Kwenye ile kona ya kiwanda cha matofali. Nilikuwa peke yangu. Nikalala pale nikajiambia, tulia, Mkia yuko nyuma anakuja." Akausugua mguu. "Halafu nikakumbuka."

Mume wangu alifunika uso kwa mikono yote miwili. Mwalimu akakaa kando yake kitandani, na mimi nikaenda kupika chai ambayo hakuna aliyeiomba.

Jumapili wakaja wote watatu. Sebule yangu ikajaa harufu ya petroli na uongo wa zamani. Walifungua kabureta wakaitandaza juu ya kitambaa cheupe cha mashati ya shule, nikapiga kelele, wakaomba msamaha kama watoto, wakahamia juu ya gazeti. Mume wangu alikuwa kwenye kiti cha mkono, mito miwili mgongoni, anawaelekeza: hiyo jeti inayopitisha petroli, izibueni kwa kuipuliza, msiichokoe kwa waya, mtaipanua. Alicheka mpaka akashika tumbo. Nilidhani mambo yamekwisha.

Hayakuwa yamekwisha. Kinyozi alipotaja Alhamisi, mume wangu alibadilika palepale. "Hilo mniachie." Dobi akambembeleza, Kinyozi akamtisha kwa habari za shemeji yake fulani aliyepuuza dawa. Ilikuwa kazi bure. Mwalimu peke yake hakubishana. Walipokuwa wanaondoka ndipo aliposema, "Alhamisi saa moja na nusu asubuhi tutakuwa hapo nje. Utoke usitoke, tutakuwepo."

Jumatano nikamkabili. Nilizima cherehani, nikaenda kukaa mbele yake. "Niambie sababu, na usiniambie umechoka."

Alitazama miguu yake. "Yule dereva alinibeba kama mtoto mchanga," akasema. "Mimi nimeinua watu maisha yangu yote. Sijui kuwa upande huu mwingine. Kila nikienda kule, narudi nimebebwa."

Damu ikanichemka. "Kwa hiyo afadhali ufe kuliko kushikwa mkono? Na mimi je? Nibaki na nani, na lile lichuma lako pale kwenye ujia? Nimekuchoka, mzee wewe, na ninakupenda, na sitaki kumzika mtu ambaye dawa inamponya!"

Nikarudi kwenye cherehani nikashona kola tatu zote kombo, ikabidi nizifumue.

Alhamisi wakafika kabla ya muda. Teksi nayo ikaja, yule yule baba mwenye kitambi. Nilimwekea mume wangu shati kitandani. Pikipiki tatu zilikuwa zinanguruma nje. Aligeuza sikio.

"Ya Dobi inang'aa tu nje," akasema. "Valvu zinagonga. Atakuja kuua injini yule."

"Kamwambie mwenyewe," nikasema.

Akavaa shati. Vifungo vilimchukua muda, nikajizuia nisimsaidie, na kujizuia huko kulinichosha kuliko kushona. Akainuka. Akaupapasa ukuta wa chumba, akaja kwenye ujia, akashika kiti cha pikipiki, akapumua, akafika mlangoni. Kutoka kibarazani kwetu hadi barabarani kuna ngazi tatu. Alipoziona, miguu ikagoma.

Alisimama ameshika fremu ya mlango, jasho linamtiririka. Dereva wa teksi akapiga hatua aje, Mwalimu akamzuia kwa mkono. Hakuna aliyesogea. Wakazima injini mojamoja. Jirani mwenye ndoo akasimama. Wale watu wanamjua. Walijua kwamba wakimfuata atageuka arudi ndani, na akirudi ndani leo hatatoka tena. Na mimi nilijua hivyo hivyo. Nilikuwa nyuma yake, ningeweza kumgusa mgongo. Nilisikia meno yake yakigongana.

"Mwalimu," akasema, kwa sauti ndogo. Akakohoa akarudia, na safari hii mtaa mzima ulisikia. "Mwalimu, njoo unishike. Siwezi peke yangu."

Mwalimu akapanda ngazi zile akichechemea, mguu wake haukupona sawasawa. Hakufanya mzaha hata mmoja. Akaweka bega chini ya kwapa la mwenzake, wakashuka ngazi ya kwanza, wakapumzika, wakashuka ya pili.

Kwenye wodi walituruhusu kuingia wote, baada ya Kinyozi kuongea sana na nesi. Dripu ikatundikwa. Nesi akatafuta mshipa mara mbili, mume wangu akafumba macho, uso umekunjamana. Nikajiandaa kusikia kwamba hii ndiyo ya mwisho.

"Nesi," akasema, macho yamefumbwa bado. "Ya nne ni tarehe ngapi?"

Nesi akaangalia faili. "Kumi na tisa."

"Mmesikia nyie watatu? Kumi na tisa. Mje mnichukue."

Nikatoka nje kwenye korido kwa kisingizio cha maji. Mwalimu alinikuta huko, nimeegemea ukuta nalia, na yeye pia machozi yalikuwa yanamtoka, tukalia sote wawili bila kuoneana haya.